CD ya odio au CD ya MP3: ipi uchome kwa redio ya gari lako

Gari letu lilishushwa bandari ya Dar es Salaam na redio yake ya Kijapani ikiwa ndani, na mpaka leo ukiliwasha, dada mmoja anakukumbusha kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. FM ya redio hiyo inaanzia 76 na kuishia 90, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa masafa ya kwao wakati inatengenezwa, ilhali huku kwetu stesheni zimetapakaa kuanzia 87.5 hadi 108. Fundi anaweza kukufungia ekspanda ya kushusha masafa, na inasaidia sana mjini. Ukishapita Chalinze kuelekea Segera, stesheni zinafifia moja baada ya nyingine hata ukiwa nayo. Tundu la flashi hakuna, la waya wa simu hakuna. Kuna mdomo wa CD, na huo unafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo nachoma CD. Nimechoma nyingi, zangu na za ndugu na majirani wenye magari kama hili, na kila anayekuja na laptopu yake anauliza swali lile lile: nichome ya kawaida, au nichome MP3? Jibu linaanzia kwenye redio uliyo nayo, halafu linakwenda kwenye urefu wa nyimbo unazozipenda na urefu wa safari zako.

Itazame redio kwanza

Kabla hujanunua CD tupu hata moja, ingia garini usome maandishi yaliyo kwenye uso wa redio. Ukikuta MP3, au MP3/WMA, mara nyingi pembeni ya mdomo wa CD au chini ya kioo, una hiari ya kuchagua. Ukikuta alama ya Compact Disc peke yake, chukulia kwamba redio yako inajua CD ya odio tu. Redio nyingi za miaka ya 1990 ziko hivyo. Ukizipa CD ya MP3 zinaizungusha, zinakaa kimya kidogo, kisha zinaitema au zinaandika kosa. Watu wanadhani redio imekufa wakapeleka kwa fundi, kumbe ni nzima kabisa, imepewa lugha isiyoijua.

Maandishi yakiwa yamefutika, azima CD ya MP3 iliyokwisha kucheza kwenye gari la mtu mwingine, uijaribu. Dakika moja inatosha kupata jibu.

Kipande kimoja, maandishi mawili

CD tupu unayonunua dukani ni ile ile kwa njia zote mbili. Tofauti iko kwenye kinachoandikwa.

CD ya odio ni muziki ulioandikwa bila kubanwa, vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa spika, kwa utaratibu ambao Philips na Sony waliuafiki na kuuingiza sokoni mwaka 1982. Programu inayochoma inazifungua MP3 zako, yaani faili za muziki uliobanwa, na kuziandika upya kwa utaratibu huo. Ndiyo maana karibu redio yoyote yenye mdomo wa CD inaielewa, hata ya zamani. Gharama yake ni nafasi: dakika 80 zikiisha, zimeisha. Haijalishi MP3 zako zilikuwa nyepesi kiasi gani kwenye kompyuta.

CD ya MP3 ni faili zako zilizonakiliwa kama zilivyo, na kazi ya kuzifungua inafanywa na redio wakati wa kucheza. Hapo kinachohesabika ni megabaiti, na CD ina 700. Zinatosha muda gani inategemea faili zimebanwa kiasi gani, na hilo linapimwa kwa kilobiti za kila sekunde, zikiwa chache ndivyo faili imebanwa zaidi:

| Ulichochoma | Muda | Nyimbo za dakika 4 | Taarab za dakika 15 |
|---|---|---|---|
| CD ya odio | dakika 80 | 20 | 5 |
| MP3, kilobiti 320 | saa 5 | 75 hivi | 20 hivi |
| MP3, kilobiti 192 | saa 8 na nusu | 125 hivi | 34 hivi |
| MP3, kilobiti 128 | saa 12 na nusu | 190 hivi | 50 hivi |

Safu ya mwisho nimeiweka kwa makusudi. Mama yangu ni mtu wa taarab, na wimbo wa taarab hauna haraka: ala zinaanza, mwimbaji anaingia kwa nafasi yake, kibwagizo kinarudi mara kadhaa, na robo saa inapita. Tukienda Tanga, CD ya odio yenye nyimbo tano inazunguka mara nne kabla hatujafika. Mpenzi wa dansi la Kikongo naye yuko kwenye hali hiyo hiyo, kwa sababu sebene halikatwi. Mtu wa Bongo Fleva, ambaye wimbo wake ni dakika tatu na ushee, anaweza kuridhika na dakika 80. Mtu wa taarab hawezi.

Sauti

Wengi wanaamini CD ya odio ina sauti bora kwa sababu ni "CD halisi". Ni kweli ikiwa chanzo chako ni CD ya dukani au faili isiyobanwa. Kama ulianza na MP3 ya kilobiti 128, sauti iliyokwishatupwa wakati wa kubana hairudi. Unapata CD kubwa yenye sauti ile ile ndogo. Hapo CD ya odio inakupunguzia nafasi bila kukuongezea chochote masikioni.

Kati ya viwango vya MP3 vyenyewe, mimi nimetulia kwenye 192. Kwenye 128 fidla na akodiani zinavumilika, lakini matoazi na nyuzi za juu za kanuni zinageuka kuwa kama mvua ya rasharasha juu ya bati, na spika za milangoni zinaikuza kasoro hiyo. Kwenye 320 nyumbani nasikia tofauti. Barabarani, vioo vikiwa wazi na lori mbele yetu, siisikii, na nimepoteza zaidi ya saa tatu za muziki. Kama faili zako ziko 320 tayari na unasafiri mwendo mfupi, ziache. Kuzibana upya kunachukua muda na kunapunguza kidogo ubora.

Kuruka barabarani

Hapa MP3 inashinda waziwazi, na ni jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Sekunde moja ya CD ya odio inahitaji kilobiti 1,411. Sekunde moja ya MP3 ya 192 inahitaji 192, yaani chini ya sehemu moja ya saba. Redio inasoma mbele kidogo na kuweka akiba. Akiba ile ile inayobeba sekunde chache za odio inabeba muziki mrefu zaidi wa MP3, kwa hiyo gari likipiga tuta na jicho la leza likapoteza mstari, redio ina muda wa kurudi bila wewe kujua. Kwenye njia ya kwetu kutoka lami hadi nyumbani, yenye makorongo, CD ya odio inadonoadonoa maneno. Ya MP3 inafika mpaka getini.

Upande wa mikwaruzo mizani inarudi. CD ya odio ikiwa na mkwaruzo mdogo, redio inakisia sauti iliyopotea na kuziba pengo, unasikia mkwaruzo mwepesi au husikii kabisa. CD ya MP3 ina ulinzi wa ziada wa data, lakini ulinzi huo ukizidiwa, wimbo unasimama au redio inarukia unaofuata. Mkwaruzo ukiangukia ile sehemu ya ndani kabisa karibu na tundu, ambako ndiko kuna orodha ya faili, unaweza kupoteza CD nzima.

Pengo la sekunde mbili

Nilimchomea mama rekodi ya usiku wa taarab, ukumbi mzima, bendi haipumziki kati ya sehemu na sehemu. Nikaikata vipande ili awe anaruka kwenda anapopataka, nikachoma CD ya odio. Tulipofika Kabuku akaniuliza, "Mwanangu, mbona wanavuta pumzi katikati ya kibwagizo?" Programu ilikuwa imeweka ukimya wa sekunde mbili kati ya kila kipande na kipande, kama ilivyo desturi yake usipoiambia vinginevyo.

Kwa CD ya odio dawa ipo. Kwenye Windows Media Player fungua mipangilio ya kuchoma, uchague kuchoma bila mapengo. Kwenye programu ya Music ya Mac unapanga mwenyewe pengo kati ya nyimbo, unaweka sifuri. Kwa CD ya MP3 dawa hiyo haipo: redio nyingi zinasita kidogo kila zinapofungua faili mpya, na wewe huna mamlaka juu ya hilo. Kwa hiyo rekodi za moja kwa moja, kaswida zinazofuatana, mahubiri au mchanganyiko wa DJ vichome kama odio bila mapengo, au uviache faili moja ndefu kwenye CD ya MP3. Mama yangu sasa ana zote mbili.

Mtego wa Windows

CD nyingi za MP3 ninazoletewa "hazisomeki" zina tatizo hili. Ukiingiza CD tupu kwenye kompyuta ya Windows na kufungua, inauliza utaitumiaje: kama flashi, au kwa kicheza CD na DVD. Chaguo la flashi linavutia, kwa sababu unaburuta faili na kuziweka muda wowote. Lakini linaiandika CD kwa mfumo ambao redio nyingi za gari haziufahamu. Kwenye kompyuta inacheza, kwenye gari haichezi, na mtu anabaki kulaumu CD.

Chagua lile la kicheza CD na DVD. Faili zitasubiri pembeni kwanza, kisha unaamuru zichomwe zote kwa pamoja, na CD inafungwa. Kama umeshachoma kimakosa na CD ni ya kuandika mara moja, hakuna cha kuokoa, chukua nyingine.

Mtego mwingine ni jina la faili. Wimbo uliotumiwa kwa WhatsApp unaweza kuwa wa aina nyingine kabisa, na wimbo uliopakuliwa kutoka intaneti unaweza kuwa M4A. Kubadilisha herufi za mwisho ziwe mp3 hakuibadilishi faili. Ni kubandika lebo ya unga wa sembe kwenye gunia la ngano. Ipitishe kwenye programu ya kubadilishia, VLC inaweza kazi hiyo bila malipo, ndipo uchome. Nyimbo ulizozihifadhi ndani ya programu za kulipia kwa mwezi zimefungwa na hazichomeki. Nunua faili yenyewe, au CD ya msanii.

Mpangilio nao usiudharau. Kwenye CD ya odio nyimbo zinafuatana kama ulivyozipanga kwenye orodha. Kwenye CD ya MP3 redio nyingi zinafuata majina, kwa hiyo anza kila jina na 01, 02, 03, na utenge folda: moja ya mama, moja ya watoto, moja yako. Kutafuta wimbo wa 87 kwa kubonyeza kitufe huku unaendesha ni hatari, wakati kuruka folda ni mbonyezo mmoja.

Programu ipi

Kwa CD ya odio, Windows Media Player inamtosha mtu wa kawaida. Ina hata chaguo la kusawazisha sauti, ili wimbo wa zamani wenye sauti ya chini usifuatwe na wa juzi unaokushtua. Kwa CD ya MP3 naipendelea ImgBurn, ya bure, kwa sababu baada ya kuchoma inaisoma CD nzima na kulinganisha na faili zako. Ikisema sawa, ni sawa. Toleo lake la mwisho ni la mwaka 2013 na sura yake ni ya wakati huo, lakini kazi inaifanya. Nero ni nzuri na ya kulipia. Kwa kazi hii tu sioni sababu ya kuilipia. Wenye Linux wana K3b na Brasero, zote mbili zinachoma odio na data bila shida.

Laptopu yako ikiwa haina mlango wa CD, na nyingi za sasa hazina, kuna kiandikio cha nje kinachochomekwa kwenye USB. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kigawanyio, kwa sababu umeme ukipungua katikati ya kuchoma CD inaharibika.

CD ya aina gani

Chukua CD-R. CD-RW, ile ya kufuta na kuandika tena, inarudisha mwanga kidogo sana kwa leza, na redio nyingi za zamani haziioni kabisa. Naitumia kwa kitu kimoja tu: kujaribu mpangilio kwenye redio ninayojua inaisoma. DVD tupu inabeba gigabaiti 4.7 na inatamanisha, lakini redio ya CD haitaisoma. Hiyo ni ya magari yenye skrini na deki ya DVD.

Kasi ya kuchoma imezungumzwa sana kuliko inavyostahili. CD za leo zimetengenezwa kwa kasi kubwa, kwa hiyo kushuka mpaka chini kabisa hakuna faida. Kukimbilia 52x, yaani mara 52 ya kasi ya kucheza, nako hakuna maana: mashine inafika kasi hiyo kwenye ukingo wa nje tu, na mwishowe unaokoa dakika tatu hivi. Mimi nachoma kwa 16x, dakika tano au sita, na redio zenye jicho lililochoka zinazisoma vizuri zaidi.

Sasa jambo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito. Usibandike karatasi juu ya CD itakayoingia kwenye redio ya gari. Nilibandika, tena nzuri, yenye jina la mama na ua pembeni. Joto la mchana likalegeza gundi, ukingo ukanyanyuka, CD ikaingia na haikutoka. Fundi alifungua dashibodi, akaitoa redio, akaitenganisha kifuniko, akachomoa CD kwa koleo nyembamba huku mabaki ya karatasi yamenasa kwenye mpira unaoivuta. Andika kwa kalamu ya wino wa kudumu yenye ncha laini. Usitumie kalamu ya kawaida ya chuma: watu wanalinda upande unaong'aa na kusahau kwamba muziki uko karibu zaidi na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba tu. Upande wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita moja na mkwaruzo wake unaweza kusuguliwa. Upande wa juu ukichanwa, umechana muziki.

Na flashi je?

Redio yako ikiwa na tundu la USB, tumia flashi. Haichakai kwa vumbi, haina cha kuruka, na ukitaka kubadilisha nyimbo unafuta na kurusha nyingine. Iwe imeandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, maana redio nyingi hazisomi mifumo mingine.

Kwa redio zisizo na tundu, watu wananunua kile kirushio cha FM kinachochomekwa kwenye kiwashio cha sigara. Kinafaa, ila kwenye redio ya Kijapani isiyo na ekspanda una nafasi finyu, kati ya 87.5 na 90 tu, kwa sababu hapo ndipo kirushio na redio vinakutana. Mjini nafasi hiyo ina stesheni zake. Unatoka mtaa mmoja muziki ni safi, unaingia mtaa wa pili mtangazaji anaongea juu ya wimbo wako. Sauti pia inakuja na mvumo. Nimekitumia miezi miwili, nikakirudishia droo na kurudi kwenye CD.

Ninachochoma mimi

Redio ikiwa na alama ya MP3: CD-R, MP3 za 192, folda chache zenye majina mafupi, imefungwa kwa ajili ya kicheza CD. Redio ikiwa haina alama hiyo: CD za odio kadhaa, kila moja na hali yake, moja ya asubuhi, moja ya watoto wakiwa ndani. Kwa rekodi zisizokatika, odio bila mapengo hata kama redio inajua MP3.

Na kila moja nachoma mara mbili. Gari lililoegeshwa juani mchana wa Januari na vioo vimefungwa linakuwa tanuri, na rangi ndani ya CD ya kuchoma inafifia kwa joto na mwanga kuliko ya kiwandani. Ile mifuko ya kuning'iniza kwenye kizuia jua ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Ya garini naiweka kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, ndani ya bahasha yake, na pacha wake yuko kabatini nyumbani, gizani, na tarehe niliyoichoma imeandikwa juu yake.